Mlango Bila Mtende

Nazlat Ghattas, Mallawi
5 Februari 1978

Wifi Muhga,

Salamu zote ni zangu mwenyewe, maana humu ndani hakuna mwingine wa kunituma nikusalimie. Kuku wazima. Ukuta wa jikoni umepasuka tena, palepale alipopaziba marehemu kaka yako, na safari hii nimepaacha.

Nakuandikia mapema kwa sababu barua ya kuja huko Australia hutembea kama mgonjwa. Kwaresima inaingia mwezi ujao, na jana Haji Abdul-Tawab alipita na kamba yake ya kupandia begani. Akaniuliza, "Mama Insaf, mioyo ya mitende ya kusukia mwaka huu nikukatie ya mtu mmoja au ya watu wawili?" Nikamwambia ya watu wawili, mzee wee, swali gani hilo? Muhga kasema atakaa kwa mwanawe miezi sita, na miezi sita inakwisha kabla ya Jumapili ya Mitende. Akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Nikamwongezea chai ili anyamaze.

Nafasi yetu ya kusukia na kuuzia pale ukutani pa kanisa, upande wa jua la asubuhi, Tafida ameanza kuinyemelea. Jumapili iliyopita aliweka kikapu chake pale, eti kinapumzika. Nikamwuliza, kikapu kimefanya kazi gani hata kikachoka? Akacheka, wala hakukiondoa. Njoo, wifi. Ulimi wangu mimi hauna makali, wewe ndiye uliyekuwa ukilinda mpaka.

Halafu kuna punda. Watoto wa kichochoroni wameshaanza: "Bibi, mwaka huu punda watakuwepo?" Mimi misalaba nasuka, pete nasuka, taji nasuka, lakini punda siku zote ni wako. Nilijaribu mmoja kwa makuti makavu ya mwaka jana. Ametoka kama mbuzi mwenye mimba.

Maganda ya vitunguu nayaweka akiba tangu Krismasi, kwa ajili ya mayai. Nitatafuta na majani ya klova ya kuyafungia ili yaache alama zake, kama unavyopenda. Niambie unafika lini nije nikupokee stesheni.

Wifi yako,
Insaf


Melbourne
2 Machi 1978

Insaf wifi yangu,

Mbuzi mwenye mimba! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Nivin akaja kuniuliza kama naumwa. Mkwe wangu huyu mtu akicheka anamletea dawa.

Usiwe na wasiwasi nami hata kidogo. Nyumba ni kubwa, ina mazulia mpaka chooni. Rauf amenenepa. Marko anakua, ana meno kama punje za mahindi. Wanawake wa Kimisri wamejaa mtaani, mchana hatumalizi kahawa, huyu kaingia, yule katoka. Wakati mwingine natamani wanipe nafasi nipumzike.

Mambo ya huku yako kinyume. Kwaresima inaingia na majani yanaanguka. Pasaka inakuja na baridi, watu wamevaa sweta, eti ndiyo sikukuu ya machipuko. Shuleni kwa Marko wanakata sungura wa karatasi. Nikasema hapana, mjukuu wa Muhga atasukiwa. Bustanini kuna mitende ya urembo, lakini nikiomba moyo wake nitafungwa. Nikaenda kwenye kijito nyuma ya nyumba nikakata matete, nikayaloweka kwenye beseni la kufulia. Yanapinda vizuri ukiyachana yakiwa mabichi, ila ukichelewa yanapasuka. Kuna na miti ya mkaratusi inayojivua magome marefu kama nyoka. Hayo nimeyafanyia hatamu na masikio. Punda mmoja amesimama, Insaf! Nimemtundika mlangoni, Marko anampungia mkono akienda shule.

Nakuja. Rauf anashughulikia tiketi. Mioyo yangu ikifika iweke kwenye gunia bichi, ukiiacha ikakauka nitakupiga. Na Tafida mwambie hivi: nikimkuta kwenye nafasi yangu, nitamsuka yeye.

Muhga


Nazlat Ghattas
20 Machi 1978

Wifi,

Maneno yako kwa Tafida nimeyafikisha kama yalivyo. Kikapu kimeondoka!

Godoro lako nimelipandisha darini likapigwa na jua, na shuka zako nimezifua mara ya pili, maana za kwanza zilishika vumbi la kungoja. Magunia mawili nimeyaosha. Haji atakata mioyo siku chache kabla ya Jumamosi ya Lazaro, mkesha wa Mitende, ije ikiwa myeupe kabisa. Nimemwambia achague mitende ya kando ya mfereji, hiyo makuti yake hayakatiki yanapokunjwa.

Kuna siku nasahau nikatia vikombe viwili vya chai. Cha pili nakinywa mimi pia, siwezi kumwaga sukari. Sasa nimeacha kusahau, navitia makusudi, najizoeza.

Sijaipata siku ya kufika kwako. Andika tu siku, hata saa usiandike, nitakaa stesheni.

Insaf


Melbourne
4 Aprili 1978

Insaf,

Siji mwaka huu. Nivin amepangiwa zamu za usiku kazini na mtoto hana wa kukaa naye. Labda mwakani, tukijaliwa.

Mioyo yangu mpe Tafida, na nafasi pia. Jitahidi ule vizuri.

Nisamehe kwa ufupi, karatasi imekwisha.

Muhga


Nazlat Ghattas
8 Mei 1978

Muhga,

Kama umesimama, kaa kwanza.

Umekufa. Umekufa tangu Jumapili ya Mitende, na aliyekuua ni mimi, ingawa sikukusudia. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unitukane.

Barua yako ililetwa Ijumaa ile, magunia yote mawili yakiwa yamejaa na sakafu imelowa. Shahata wa posta unamjua, barua ikiwa na stempu ya nje haondoki, anasimama apate chai na habari. Nikaifungua mbele yake. Ulisema karatasi imekwisha, na nusu yake ilikuwa nyeupe. Nikalia, Muhga. Nilitaka angalau kungoja aondoke, nikashindwa. Shahata akaacha chai yake, akatoka kinyumenyume.

Siku ile ile nikaburuta magunia mpaka kwa Tafida nikamwachia yote, la kwako na la kwangu, na nafasi ya ukutani nikampa. Alidhani nimeugua. Mimi sikusuka hata pete ya kidole cha mtoto. Jumapili asubuhi nikautoa mtende wa mwaka jana mlangoni, ule msalaba wako wenye maua manne, kama tunavyoutoa kila mwaka ili kutundika mpya. Nikakumbuka sina mpya. Nikaenda kanisani nikiuacha mlango mtupu.

Kichochoro kizima kila mlango una kijani chake, na mlango wa Insaf msukaji hauna hata jani. Barua ya nje, machozi, magunia yametolewa bure, mlango umevuliwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Na baada ya misa, tuliposaliwa yale mazishi ya wote, yale ya kutusalia tungali hai kwa sababu Wiki ya Mateso hakuna maiti anayesomewa, mimi nilikuwa nalia tena mbele ya watu.

Alasiri Mama Nasim akaingia na sinia, amevaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Insaf dada yangu, mbona umetuficha?"

"Nimewaficha nini?"

"Ah, tunajua. Shahata kasema. Mungu amweke pema."

"Amweke nani?"

"Muhga, nani tena! Masikini, kafia ugenini. Nilimwambia Tafida, lisemwalo lipo, akakataa. Sasa utazame mlango wako."

Nikafungua kinywa niseme hapana. Kwa jina la Bikira, nilikifungua. Lakini nyuma yake wengine walikuwa wanaingia, wanainamisha vichwa mlangoni, wanavua viatu, chumba kikajaa mpaka wakakaa juu ya kitanda chako. Tangu uondoke hakuna aliyevuka kizingiti hiki isipokuwa Haji na paka. Mtu akanishika mkono. Mwingine akaninyang'anya birika, akaniambia kaa, leo hufanyi kazi wewe. Nikakaa. Nikalia, na kilio kilikuwa cha kweli, nikajiambia basi huu si uongo.

Wakaja na kesho yake. Wakaja wiki nzima, baada ya sala za jioni. Padri wetu, Abuna Rufail, akanifariji, akasema nisiumie kwamba hukusomewa, yale mazishi ya wote yanakutosha na wewe. Pasaka walileta kahki, kwa sababu nyumba ya msiba haioki biskuti za sikukuu, na mayai yaliyotiwa rangi kila nyumba kwa namna yake. Kahki za Tafida ngumu kama siku zote. Haji Abdul-Tawab alikaa nje kwenye benchi akakusomea Fatiha, akasema hakuna atakayesuka punda tena Mallawi nzima. Nilikunywa kahawa chungu nyingi kuliko maji. Nilikuwa na furaha, Muhga. Nakuandikia neno hilo kwa haya, lakini ndilo.

Halafu siku ya Pasaka jioni Mama Nasim akasema, "Kazikwa na kitambaa cha wageni, na sanda yake ya Yerusalemu iko humo sandukuni." Ile uliyoichovya Yordani ulipokwenda kuhiji na mama mkwe wangu. Wakataka niitoe waibusu. Nikafungua sanduku lako mbele yao. Gauni la kijani limo. Shali imo. Hata soksi zenye matundu zimo. Sanda haimo.

Nikawaambia nilisahau, aliibeba. Wakashangilia, "Alijua siku yake! Watakatifu hujua!" Na mimi nimepiga magoti pale nimeshika kifuniko, nikijua jambo jingine kabisa. Mtu anayekwenda miezi sita habebi sanda.

Sasa Abuna anataka kukufanyia arobaini. Katika hizi siku hamsini baada ya Pasaka kanisani hakuna kilio, kwa hiyo ameiweka Jumapili inayofuata Pentekoste. Jina lako litasomwa pamoja na marehemu. Niandikie kabla ya hapo uniambie nifanye nini. Na uniambie kuhusu sanda.

Insaf


Melbourne
27 Mei 1978

Insaf,

Nilikaa kama ulivyoniamuru. Nikacheka, kisha nikarudi mwanzo nikasoma tena polepole, mara hii sikucheka.

Nani alilia? Usiniambie wanawake wote, nataka majina. Tafida alilia kwa sauti au alijifuta tu na leso? Mama Nasim alikaa wapi? Haji alisema kweli hayo maneno ya punda, au umeniongezea chumvi? Abuna alinitaja kwa jina langu au alisema tu dada yetu? Niandikie yote, hata nani alikaa juu ya kitanda changu na viatu.

Sanda ninayo. Iko kwenye begi chini ya kitanda. Rauf aliniambia kabla hata hatujaenda kupiga picha ya pasipoti: "Mama, ukija umekuja. Sina uwezo wa kukupandisha ndege mara mbili." Nikakubali, ni mwanangu, sina mwingine. Ile miezi sita niliitunga mwenyewe, jikoni kwetu. Ulikuwa unanikunjia nguo, ukaniuliza bila kunitazama, "Muda gani?" Mikono yako ilikuwa inakunja kitu kimoja mara tatu. Nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni. Baadaye nikaona umelishika, na nikaona aibu kukunyang'anya. Kila barua nikasema hii ndiyo nitakayomwambia. Nilikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi yote hii, wewe mtu niliyelala naye chumba kimoja tangu kaka yangu afariki.

Na mengine ya kukuambia, maana sasa nimekufa sina la kuogopa. Hakuna wanawake wanaokuja kunywa kahawa. Mtaa huu mtu anaingia nyumbani na gari lake, mlango unafunguka wenyewe, unamfungia ndani, uso humwoni. Kanisa letu ni la kukodi, liko mbali, na Rauf akiwa na kazi hatuendi. Jumapili ya Mitende hatukwenda. Nilivaa, nikakaa kwenye kochi na mkoba wangu mpaka mchana. Yule punda wa matete Nivin alimtoa mlangoni, akasema analeta wadudu. Hakunikosea, kweli alikuwa na siafu. Marko ni mtoto mzuri, lakini maneno yangu hayajui na yake siyajui. Tunaonyeshana vitu kwa vidole.

Kwa hiyo sikiliza. Usiwaambie. Acha jina lisomwe.

Huko nimeliliwa na kijiji kizima na Mwislamu mwema amenisomea Fatiha. Hapa siku yangu ikifika watakuja watu wanne, na wawili watakuwa wanatazama saa. Hayo mazishi yenu ndiyo yangu, sitapata mengine mazuri kuliko hayo. Aliyekufa haulizwi anarudi lini, nawe hutaulizwa tena na yeyote, wala na Haji. Na watu watakuja. Kila sikukuu ya mwaka wa kwanza watakuja kukufariji, ndivyo ilivyo, na wakizoea njia ya kwako hawataiacha. Sina kitu kingine cha kukupa kutoka huku. Chukua hiki.

Tutaandikiana kimyakimya. Mwambie Shahata ni Rauf anayekujulia hali.

Muhga


Nazlat Ghattas
30 Juni 1978

Muhga,

Barua yako ilifika kabla ya arobaini na nikaamua kukutii. Nataka ujue hivyo. Niliisoma, nikaiweka ndani ya nguo, nikasema sawa, Muhga amechagua, na mimi nimechoka kuzungumza na kuku. Nikachekecha unga wa mikate ya sadaka.

Wanawake wakaja kukanda pamoja nami. Uliuliza majina, basi walikuwa Mama Nasim, binti zake wote wawili, mama mkwe wa Shahata, na Tafida. Tafida alilia kwa sauti, tena mara nyingi. Aliyelala na viatu juu ya kitanda chako ni binti mdogo wa Mama Nasim. Na Haji alisema kweli, sikuongeza kitu.

Tulikanda na wakaanza kukusimulia. Muhga alikuwa mpole. Wewe! Muhga alikuwa hana neno na mtu. Muhga alikuwa mkarimu, chumvi ukimwomba anakupa na kibakuli. Nikaendelea kukanda. Tafida akasema wewe na yeye hamkuwahi kugombana hata siku moja. Hapo nikashindwa, nikasema, "Hee, Tafida! Si mlishikana nywele pale ukutani mpaka Abuna akaja na fimbo?" Wote wakaacha unga wakanitazama. Mama Nasim akanipiga begani polepole, akasema, "Insaf, marehemu hasemwi hivyo. Mwombee."

Nimekuombea tangu Jumapili ya Mitende. Nimekuombea huku nina hasira nawe, hasira iliyonijaa tangu nilipofungua lile sanduku, na hakuna mahali pa kuitua. Nikisema aliniacha, wananiambia wote tutaachana. Nikisema alinidanganya, wananiambia ni huzuni inayosema. Kila siku walikuwa wanamtengeneza mwanamke mwingine, mpole, mwenye ngozi laini, na yule niliyeishi naye wanamfukia. Usiku ule sikulala kwa kuwaza kwamba baada ya jina lako kusomwa sitakuwa na mtu wa kuzungumza naye juu yako, hata humu ndani ya barua, kwa sababu nitakuwa nakuandikia kama mwizi.

Jumapili Abuna alikuwa na karatasi ya majina. Alipofika kwako nikasema, "Abuna, huyo hajafa."

Abuna akasema kwa upole, "Binti yangu, huzuni ni nzito."

"Si huzuni, Abuna. Yuko hai, yuko Melbourne kwa mwanawe. Alihama, na hatarudi. Mlikuja kunipa pole na mimi sikuwakatalia, kwa sababu mlikuja."

Nilisema hivyo hivyo, mbele ya wanaume. Mama Nasim akauliza kutoka nyuma, "Na kahki zetu?"

Nikasema, "Nimezila."

Mtu mmoja akacheka akakatisha. Abuna akaikunja karatasi. Baada ya misa alinipa toba ya kusujudu kila asubuhi mpaka Sikukuu ya Mitume ipite, na magoti yangu unayajua. Hakunifokea. Alisema tu, "Ungeniambia upweke, Insaf, ningekuja bila maiti." Sijui kama angekuja.

Kichochoroni hawanisalimu. Tafida amerudi kwenye nafasi yetu na kikapu chake, na safari hii ana haki. Shahata anapitisha barua chini ya mlango kama anayelisha simba. Haji peke yake alicheka mpaka akakaa chini na kamba yake. Akasema Fatiha haipotei, ameshakutangulizia, utaikuta mbele. Lakini Haji naye amekwenda kwa bintiye Assiut mpaka msimu wa tende.

Ngano imevunwa. Jumatatu niliokota masuke yaliyobaki kando ya shamba la Mama Nasim, mchana, watu wakiniona. Nikayaloweka, nikasuka bibi harusi wa ngano, yule wa baraka ya mavuno, mkubwa, mikono miwili na ushungi, masuke yananing'inia chini kama pindo. Si msimu wake, ungenicheka. Nikamtundika mlangoni, pale pale, ili asiwepo wa kukosea tena: nyumba hii haina msiba.

Ulinipa kifo chako ili nipate watu, na ninajua kimekugharimu nini kunipa. Nimekurudishia. Sikitaki. Nataka wifi yangu aliye hai, mwongo, aliyenikimbia na sanda yake begani, nimkasirikie kwa haki yangu. Sikuombi urudi, sitakuuliza tena lini. Godoro lako nimelishusha chini, nalalia yote mawili, mgongo unashukuru.

Mlango una ngano tangu Jumatatu na hajabisha mtu yeyote kunipa pole. Kwa hiyo uko hai, Muhga. Nijibu.

Insaf